Babu Mlinzi na Nyati wa Mbok Rukinem

Ngano inabisha hodi!

— Ipite, mlango u wazi!

Ina mguu wa kweli na mguu wa uongo!

— Tutaikalisha na miguu yake yote!

Na ikichechemea?

— Tutaibeba hadi mwisho!

Haya, sogeeni motoni. Na wewe uliyekalia kuni, inuka, tusije tukakuchoma kwa bahati mbaya. Mnaocheka, chekeni sasa, maana mbele huko kuna mambo.

Hapo kale, kale kweli kweli, wanyama walikuwa wakisema na watu wakisikiliza. Siku hizi sote tunasema. Katika kisiwa cha Jawa, huko Indonesia, mbali linakotokea jua, palikuwa na kijiji kiitwacho Sidawungu. Kilikaa mgongoni mwa mlima utoao moshi, na mashamba yake ya mpunga yalishuka ngazi ngazi mpaka mtoni. Nyumba zake zilikuwa za mianzi iliyosukwa, na mlango ulifungwa kwa kamba tu. Kamba yenyewe ilikuwa ya kuzuia kuku.

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja, jina lake Rukinem. Watu walimwita Mbok Rukinem, kwani mbok kule ni mama. Hakuwa na shamba. Hakuwa na mume. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na nyati mmoja, Lumut, nyati wa kulimia, mkubwa, mpole, mwenye kulalamika. Msimu wa kulima ukifika, Mbok Rukinem na Lumut walilima tope la watu, na wakati wa mavuno wenye mashamba walimpa Mbok mafungu ya mpunga. Huo ndio uliokuwa wali wake wa mwaka mzima. Bila Lumut angekula huruma ya majirani, na mnaijua huruma ya majirani: siku ya kwanza huja na mchuzi, siku ya pili huja na salamu, siku ya tatu haiji.

Basi siku moja kuku aliibiwa.

Msishangae. Kwenu kuku huibiwa kila wiki. Kule Sidawungu hilo lilikuwa jambo kubwa. Aliibiwa kuku, akaibiwa mwingine, akaibiwa jogoo. Mwizi alikuwa ngawa, yule paka wa mwituni mwenye mkia mrefu, na nyayo zake zilionekana wazi kwenye majivu. Lakini nani anataka kuibiwa na ngawa? Watu walisema ni genge. Wakasema ni genge kutoka ng'ambo ya mto. Wakasema genge hilo lina uchawi.

Mkuu wa kijiji, Pak Lurah Wiradipa, aliitisha mkutano. Pak Lurah alipenda mikutano kama mtoto anavyopenda sukari. Wakakubaliana wanaume wapokezane zamu, wazunguke kijiji wakati wenzao wamelala. Wakazunguka siku chache. Huyu akaumwa mgongo, yule akaumwa mkwe, mwingine akalala akiwa ameegemea mti na ngawa akapita katikati ya miguu yake. Ikawa kila mtu anataka kulindwa na hakuna anayetaka kulinda.

Wakaitisha mkutano wa pili. Wakiwa katikati ya mkutano, majani ya ukingo wa msitu yakatikisika, akatokea chui milia.

Kule chui milia hatajwi kwa jina. Humwita Babu, kwa heshima na kwa hofu, na ukiwauliza ipi ni ipi hawakuambii. Basi watu wote wakainama. Babu akaketi, akajilamba kiganja, akasema kwa sauti ya upole:

"Wajukuu zangu, nimesikia mna shida ya usalama."

"Tunayo, Babu."

"Mimi silali usiku. Nina macho ya kuona gizani. Nitawalinda."

"Na ujira wako, Babu?"

"Ujira? Babu awatoze wajukuu? Nitalinda bure."

Lo, mkutano ulivyofurahi! Neno bure limewahi kufungua milango mingi ambayo wezi walishindwa kuivunja. Mbok Rukinem peke yake ndiye aliyeinua mkono.

"Samahani, Babu. Ukitulinda usiku kucha, asubuhi utakula nini?"

Babu akatazama pembeni. Pak Lurah akakohoa, akasema, "Mbok, sisi tunazungumza usalama, wewe unaleta habari za jikoni. Keti." Mbok akaketi. Lakini swali lake halikuketi, lilibaki limesimama palepale, na watu wakalizunguka kama wanavyozunguka kinyesi cha ng'ombe njiani.

Babu akaanza kazi. Na msimwonee, kazi aliifanya. Usiku wa kwanza tu alimkamata ngawa, akamla na mkia wake. Kuku wa Sidawungu hawakuibiwa tena mpaka leo.

Baadaye akamjia Pak Lurah. "Mjukuu wangu, mbwa wenu wananibwekea. Wakinibwekea, mwizi anajua nilipo. Nisaidieni niwasaidie."

Mbwa wakafungwa kamba, wakavushwa mto, wakaachwa huko. Jioni ile Sidawungu kulikuwa kimya, na watu wakasikia Babu akiimba huku akizunguka:

*Laleni, wajukuu, laleni,*
*Babu yu macho, laleni,*
*Mwizi hapiti, laleni!*

Kulipokucha nyati wa Karsono hayupo. Karsono alikuwa jirani wa Mbok Rukinem, mtu wa kiburi kidogo na sauti kubwa. Akalia barabarani, "Mwizi! Mwizi bado yupo!" Watu wakasema, "Ni kweli, ulinzi hautoshi. Babu aongezewe nguvu."

Lumut akamwambia Mbok, "Mama, mwenzangu hakurudi."

"Nimeona."

"Mama, pananuka damu pale zizini kwake."

"Kula majani yako, Lumut."

Babu akamjia tena Pak Lurah. "Mjukuu wangu, zile kentongan zenu zinaniumiza masikio. Nisaidieni niwasaidie."

Kentongan ni kipande cha mwanzi kilichotobolewa, kikatundikwa nje ya kila nyumba. Ukiona moto au mwizi unaigonga, jirani akisikia anagonga yake, na kijiji kizima kinatoka. Pak Lurah akaamuru zishushwe zote. Nyingine zikawa kuni, nyingine vihori vya bata. Jioni Babu akaimba:

*Laleni, wajukuu, laleni,*
*Babu yu macho, laleni,*
*Mwizi hapiti, laleni!*

Kulipokucha nyati wa Painah hayupo, wala wa wifi yake Painah. Watu wakasema, "Ama mwizi huyu ni hodari! Bila Babu sijui tungekuwa wapi."

Lumut akamwambia Mbok, "Mama, wenzangu hawakurudi."

"Nimeona, mwanangu."

"Mama, na tumbo la Babu umeliona?"

"Usitaje tumbo la mkubwa," Mbok akasema, lakini moyo wake ulikuwa umepoa kama wali wa jana. Wahenga walisema ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Mbok hakuwa hata na maji ya kutia.

Babu akaja mara ya tatu. "Mjukuu wangu, watu wanatoka ovyo. Jua likianza kuinama, kila mtu aingie ndani afunge kamba yake. Na akisikia jirani analia, asitoke. Mwizi wa siku hizi hujifanya jirani. Nisaidieni niwasaidie."

Pak Lurah aliona hilo ni wazo la mtu aliyesoma. Akalitangaza mwenyewe nyumba kwa nyumba: "Mwizi hujifanya jirani! Usitoke!" Watoto wakalifanya wimbo. Watu wa vijiji vya chini wakaja kujifunza Sidawungu walivyofanikiwa kutunza usalama, wakaonyeshwa kuku, wakawahesabu, wakapiga makofi. Hakuna aliyewaonyesha mazizi.

Maana sasa Babu alikuwa haimbi hata wimbo. Alikuwa anaingia, anachagua, anatoka. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na kila mwenye nyati akilia, majirani zake waliketi ndani na kuambiana kwa sauti ndogo, "Sikia mwizi anavyojua kuigiza sauti ya fulani." Haukupita muda, Sidawungu nzima ikabaki na nyati mmoja.

Mnajua ni wa nani.

Alasiri moja, jua likiwa bado kali, Mbok Rukinem alikuwa akimkwangua Lumut tope mgongoni. Akageuka, akamwona Babu amesimama kwenye mlango wa zizi. Alikuwa amenenepa mpaka milia yake imeachana.

"Hujambo, Mbok?"

"Sijambo, Babu. Mchana huu?"

"Kazi imekuwa nyingi. Nimekuja kumchukua nyati wako."

"Kumpeleka wapi?"

"Mahali pa usalama. Nyati mmoja katika kijiji kizima, Mbok, huoni anavyowatia wezi tamaa?"

"Babu, nikimkosa huyu mimi nitakula nini?"

"Hayo," alisema Babu, "ni mambo ya jikoni." Akajilaza mlangoni mwa zizi, akaweka kichwa juu ya mikono. "Jua kali. Ngoja kivuli kifike hapa. Sipendi kula, yaani sipendi kutembea na joto."

Mbok Rukinem aliogopa, na hakuna haja ya kulificha: aliogopa Babu na aliogopa njaa, na kati ya hayo mawili njaa ndiyo aliyoifahamu zaidi. Akatoka mbio uani, akaita upande wa Karsono:

"Karsono! Babu yuko zizini kwangu! Njoo!"

Nyuma ya ukuta wa mianzi akasikia sauti kubwa ikijifanya ndogo: "Mwizi hujifanya jirani. Sitoki."

Akaita upande wa pili:

"Painah, dada yangu! Nyati wangu analiwa!"

"Loo, kamwiga Mbok vizuri," Painah akasema ndani. "Hata kikohozi chake. Sitoki."

Akapaza sauti hadi kwa mkuu wa kijiji:

"Pak Lurah! Mimi ni Rukinem! Njoo uone!"

Na Pak Lurah akajibu kwa fahari ya mtu aliyetunga sheria na sasa anaiona inafanya kazi: "Vizuri sana, mwizi! Lakini sisi tumeshakujua! Sitoki!"

Kivuli kilikuwa kimefika kwenye kwato za Lumut. Lumut akasema, "Mama, nimekuwa nyati mzuri?"

"Umekuwa nyati mzuri. Nyamaza, nafikiri."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kule Jawa jua likipatwa, husema kuna jitu kubwa linalimeza. Ikitokea hivyo hakuna anayebaki ndani. Wanawake hutwanga kinu kitupu kwa mpigo wake maalumu, ili jitu lishtuke na kulitapika jua. Wanaume hupiga miti ili miti isife usingizini. Wenye mimba hujificha chini ya kitanda. Asiyetoka, ukoo wake utasemwa vizazi na vizazi. Hiyo si sheria ya Pak Lurah, wala ya babu wa Pak Lurah. Ni ya tangu kulipokuwa na jua.

Mbok Rukinem akakiendea kinu chake, gogo refu lenye umbo la mtumbwi, akashika mchi. Kinu kilikuwa kitupu. Akapiga ukingoni, akapiga tumboni, akapiga ukingoni:

*Tung, teke-teke, tung!*
*Tung, teke-teke, tung!*

Babu akafumbua jicho. "Unatwanga nini, Mbok? Sioni mpunga."

"Natwanga mambo ya jikoni, Babu. Pumzika."

Babu akacheka, akafumba jicho. Alikuwa mtu wa msitu. Msituni jua likipatwa, wanyama hulala, wala hawaulizi.

*Tung, teke-teke, tung!*

Ndani ya nyumba ya Karsono pakaanguka kitu. Kisha Karsono akapiga yowe, "Jua! Jua linaliwa!" Kamba ya mlango ikakatwa, si kufunguliwa, na Karsono akatoka na panga, akaanza kuugonga mpapai kwa ubapa wake. Painah akatoka na sufuria na upawa. Wifi yake Painah alikuwa na mimba. Alikwenda chini ya kitanda akamkuta mumewe ameshatangulia. Wazee wakatoka, wagonjwa wakatoka, mtu aliyekuwa hatembei tangu mavuno akatoka mbio. Pak Lurah akatoka na sinia ya shaba, saruni yake ikimteremka, akipiga kwa mkono mmoja na kuikamata kwa mkono mwingine. Kila mwenye kinu akatwanga, kila mwenye chungu akagonga, na wote wakakimbilia kule mpigo ulikoanzia, kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka.

Walipofika uani kwa Mbok Rukinem wakatazama juu. Jua lilikuwa zima. Lilikuwa linawaka tu, halina hata kovu.

"Limeliwa wapi?" akauliza Pak Lurah.

"Hapo," akasema Mbok Rukinem, na akaelekeza mchi wake kwenye zizi.

Wakageuka. Babu alikuwa amesimama na meno yake shingoni pa Lumut, hajauma bado, ameduwaa. Watu nao wakaduwaa, lakini mikono yao haikusimama, maana mtu akiogopa sana mikono huendelea na kile ilichokuwa inafanya. Wakazidi kupiga. Sufuria, sinia, michi, panga, vyungu.

Na Babu, kwa mara ya kwanza tangu awe mlinzi, akawaona Sidawungu wote mahali pamoja. Alikuwa akiwajua mmoja mmoja, nyuma ya kamba, wakinong'ona. Hakujua kama wako wengi kiasi hicho. Mkia ukamwingia miguuni. Akamwachia Lumut, akaruka ua, akaangukia tumbo lake, akainuka, akakimbilia msituni. Kabla hajazama kwenye majani aligeuka akasema kwa uchungu wa kweli:

"Mmevunja utaratibu! Basi mjilinde wenyewe!"

Watu wakashusha vyombo vyao. Kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake, na kila mmoja alikuwa akikumbuka sauti ya jirani fulani, siku fulani.

Mngedhani basi sasa Mbok Rukinem alibebwa mabegani. Subirini.

Asubuhi yake Pak Lurah aliitisha mkutano. Jambo la kwanza: Mbok Rukinem ametangaza kupatwa kwa jua ambalo halikupatwa.

"Umelisingizia jua," alisema Pak Lurah. "Umewatoa watu ndani kwa uongo."

"Kwa kweli niliwaita kwanza," alisema Mbok. "Mara tatu. Niliwaita kwa majina yenu na kwa jina langu. Nyati ni wangu, ndiyo maana hamkutoka. Jua ni lenu, ndiyo maana mkatoka. Ningefanyaje?"

Mkutano ukakohoa. Painah akalia kidogo, na nadhani alilia kwa haki. Lakini Karsono, ambaye hakuwa na nyati, wala mvua za kulima hazikuwa mbali, akasimama akasema kwa sauti yake kubwa:

"Yaliyopita si ndwele. La muhimu, ndugu zangu, ni kwamba nyati wetu amepona."

"Nyati wetu," wakasema wengine, wakaliona neno lina ladha nzuri.

"Nyati wetu atalima mashamba yetu yote," akasema Pak Lurah, "na hiyo ndiyo itakuwa faini ya Mbok kwa lile jua. Hakutakuwa na fungu la mpunga."

Mbok Rukinem akawatazama mmoja mmoja. Jana alikuwa amepigania mali yake na chui, na ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu chui alikuwa mmoja na alisema anachotaka.

"Sawa," akasema. "Ni nyati wetu. Jana alipokuwa wangu, nilimlinda peke yangu. Sasa ni wetu. Basi mwenye zamu ya kulima kesho, leo alale zizini kwangu amlinde. Na aje na chakula chake, cha nyati, na changu, maana mimi ndiye mwenye zizi. Asiyelinda halimi. Ama mwapenda nimrudishe Babu awalindie? Yeye halipishi."

Wakalitazama jambo lile upande huu na upande ule, na hawakuona pa kutokea. Wakakubali.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo hakuna nyati katika Jawa nzima aliyelindwa kama Lumut, wala mjane aliyelishwa kama Mbok Rukinem. Karsono alilala zizini na mkuki, macho yamemtoka, kwa sababu shamba lake lilikuwa halijalimwa. Pak Lurah alilala zizini juu ya majani, na Lumut alimwinamia usiku kucha akimtafunia sikioni. Na ile zamu ya ulinzi iliyoshindikana kwa mikutano miwili, ikasimama yenyewe bila mkutano hata mmoja.

Aliyelalamika alikuwa Lumut.

"Mama," alisema jioni moja, amejaa tope mpaka masikioni, "yule Babu alitaka kunila mara moja tu."

Ngano yangu imetua mzigo, nami natua pumzi. Wenye masikio wachukue hili: mlinzi asiyetaka ujira, muulize anakula nini, na ukiambiwa ukae chini, uliza ukiwa umekaa. Na mwenzio akilia, toka mapema, kabla hajalazimika kukudanganya.

Chumvi ikizidi laumuni aliyenisimulia. Ikipungua, mmekula wenyewe mkinisikiliza. Mimi nilipita Sidawungu mwaka ule nikaomba wali kidogo. Wakaniambia nilale zizini kwanza.